Maelezo ya Maunzi Yasafiri na Maunzi Yenyewe

Kifaa kikichomekwa kwenye mlango wa USB hujitambulisha, na mfumo endeshi hukitafutia draiva. Vipande vilivyo ndani ya chipu moja havina adabu hiyo. Draiva isipoambiwa kuwa kidhibiti fulani kiko anwani hii, kinatumia katizo lile na kinapata mapigo ya saa kutoka chanzo kile, kwake hakipo. Linux ya chipu za ARM iliyaandika hayo ndani ya msimbo wenyewe, bodi kwa bodi, hadi Linus Torvalds akalalamika hadharani mwaka 2011. Dawa ikawa mti wa vifaa, yaani faili la maelezo lenye asili katika Open Firmware, kiwango cha IEEE cha mwaka 1994.

Mti huo ulidhani kwamba maunzi hayabadiliki. Chipu za FPGA, ambazo saketi zake zinaweza kupangwa upya, zimeivunja dhana hiyo: anwani iliyokuwa na mlango wa mawasiliano asubuhi, jioni ina kihesabio. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2016, Linux ina sehemu maalumu ya kupakia saketi mpya katika FPGA, na maelezo yake huweza kuongezwa kama kibandiko juu ya mti. Ninachodai ni kwamba saketi na kibandiko chake viwe kifurushi kimoja chenye saini moja, visitumwe kila kimoja kwa njia yake. Chukulia mtambo wa kupima kina cha ziwa huko Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi ambacho wengi hukifikia kwa boti kutoka Kigoma. Fundi akituma saketi mpya huku maelezo yakibaki ya zamani, draiva itasoma anwani isiyo na wa kujibu. Njia ya ndani ya data inaweza kuganda, na pamoja nayo kichakataji na mtandao ambao marekebisho yangepitia. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, ililetwa Kigoma kutoka Papenburg ikiwa vipande ndani ya maelfu ya makasha, lakini mafundi wa kuiunga walitumwa pia.

Wapo watakaosema kila saketi ibebe kitambulisho chake, kama kadi za PCI. Hilo linasaidia kwa jina tu. Saketi haijui imeunganishwa na katizo lipi nje yake, kwa kuwa hayo ni mambo ya bodi. Pingamizi zito zaidi ni la kubandua kibandiko. Draiva nyingi hazikuandikwa zikitarajia vifaa vyake kutoweka, na ndiyo maana kiolesura kilichopendekezwa cha kupakia vibandiko kwa hiari ya mtumiaji kimebaki nje ya Linux kuu. Tahadhari hiyo naiona ya haki. Mabadiliko yabaki ndani ya eneo lililotangazwa mapema, madaraja yake, yaani viungo vya eneo hilo na njia ya data, yafungwe kabla ya kupakia na kufunguliwa baadaye. Na ikiwa draiva haiwezi kuondoka salama, mfumo uwashwe upya. Dakika moja ya kuzima ni nafuu kuliko nauli ya boti.