Seli Huuawa au Hujiua?

Tangu zamani watu walijua kwamba akosaye hewa hufa. Kwamba oksijeni iliyomo katika hewa hiyohiyo huua inapozidi, hilo lilichelewa kujulikana. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mgandamizo wa hewa, akaonyesha kuwa wanyama waliovuta oksijeni yenye mgandamizo mkubwa walishikwa na degedege, kisha wakafa. Bert aliiona sumu, lakini hakujua inavyofanya kazi.

Chanzo kilianza kufahamika mwaka 1954. Rebeca Gerschman, mwanasayansi wa Argentina aliyekuwa akifanya utafiti Rochester, Marekani, pamoja na wenzake walilinganisha madhara ya oksijeni nyingi na yale ya eksirei, wakaona yanafanana. Walihitimisha kuwa yote huletwa na radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo hunyakua elektroni za molekuli jirani na kuziharibu. Wengi walisita, wakiamini kuwa vitu vinavyodumu kwa muda mfupi kiasi hicho haviwezi kuwa na uzito katika mwili ulio hai.

Shaka hiyo ilipungua mwaka 1969. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Joe McCord na Irwin Fridovich waliichunguza protini yenye shaba itokayo katika damu ya ng'ombe. Protini hiyo ilijulikana tangu miaka ya 1930, ila kazi yake haikujulikana. Wao waligundua kuwa ni kimeng'enya kinachoondoa supaoksaidi, mojawapo ya radikali za oksijeni. Ikiwa seli hutunza kimeng'enya cha kazi hiyo, basi supaoksaidi huzaliwa humohumo ndani. Mitokondria, viungo vidogo vilivyomo ndani ya seli, huchoma chakula kama jiko la mkaa, na kama jiko, hurusha cheche. Cheche zikizidi uwezo wa seli kuzizima, mafuta ya utando, protini na DNA huungua.

Kwa maelezo hayo, seli huuawa kama nyumba inavyoteketea. Lakini mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walieleza kifo cha namna nyingine, wakakiita apoptosi: seli husinyaa, hujikatakata kwa utaratibu, na mabaki yake humezwa na seli nyingine. Mwaka 1996 maabara ya Xiaodong Wang ilionyesha kuwa sitokromu c, protini ya mitokondria, ikivuja kutoka humo huamsha vimeng'enya vinavyoibomoa seli. Baadaye ikajulikana kuwa radikali zikiharibu mafuta yanayoishikilia protini hiyo, huilegeza. Hapo radikali hazikuiua seli moja kwa moja; ziliipa amri ya kujiua.

Ni maelezo yapi ya kweli? Majaribio ya maabara yalionyesha kuwa kipimo ndicho huamua. Haidrojeni peroksaidi, kemikali ya oksijeni inayoweza kuzaa radikali, ikiwa kidogo huweza kuifanya seli ijiue kwa utaratibu, na ikiwa nyingi huipasua. Sababu ni kwamba kujiua kunahitaji nishati na vimeng'enya vizima, na shambulio kubwa huharibu vyote viwili kabla kazi haijaanza.

Mwaka 2012 Scott Dixon, Brent Stockwell na wenzao katika Chuo Kikuu cha Columbia walieleza njia nyingine, feroptosi. Humo madini ya chuma huchochea kuoza kwa mafuta ya utando, na uharibifu huenea kutoka molekuli moja hadi nyingine mpaka utando unashindwa kuishikilia seli. Dawa zinazozuia vimeng'enya vya apoptosi haziizuii feroptosi, ila zile zinazokamata chuma huizuia. Ndiyo maana swali la kale lingali na thamani: anayetaka kuiokoa seli inayokufa hana budi kwanza kujua inakufa kwa njia ipi.