Mchakamchaka Kabla ya Kengele

Dumila ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inaupasua katikati, wanaokwenda Kilosa wanakata hapo hapo, na jirani tu, Magole, ndipo wanapokata wa Turiani. Mji wa namna hii haupumziki: mabasi, malori, magunia ya mahindi, ndoo za nyanya, bodaboda zinazosubiri abiria. Anayefungua kibanda alfajiri na kukifunga saa tatu usiku, ukimuuliza habari za mazoezi, atakujibu kwamba muda hana, na hasemi uongo. Hata hivyo, historia ya ukanda huu inaonyesha kuwa watu wenye shughuli nyingi walifanya mazoezi kwa miaka mingi bila kuutafuta huo muda, kwa sababu ulikuwa umeshatengwa kwenye ratiba yao ya siku.

Zamani zaidi, kazi yenyewe ilitosha. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Morogoro, kwenye mji wa Simbamwene, ikavuka mbuga ya Mkata kuelekea Usagara na bara. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, siku baada ya siku. Henry Morton Stanley alipita njia hiyo mwaka 1871, na tope la Mkata lilimtesa yeye na watu wake. Hakuna aliyewaambia wapagazi wale wanyooshe viungo.

Mazoezi kama jambo la kupangiwa saa yake yalienea zaidi baada ya uhuru. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa Julai 1963, na ndani ya miaka michache vijana waliohitimu masomo ya juu walitakiwa kulipitia kwa mujibu wa sheria. Siku ya kuruta ilianza na mbio gizani, afande pembeni, wimbo mdomoni. Kwata, shamba na darasa vilifuata baadaye. Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na shule ikawa mahali pa kusoma, kulima na kuujenga mwili. Oktoba mwaka huo huo yeye mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Walimu waliopitia JKT waliingia shuleni wakiwa na desturi ya alfajiri miilini mwao.

Ndipo mchakamchaka ukawa sehemu ya asubuhi ya mtoto wa Kitanzania. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali wakati huo anaukumbuka vizuri: kuwahi namba kukiwa bado na giza, ufagio mkononi, wengi bila viatu, umande ukilowesha miguu hadi magotini. Kiranja anaanzisha wimbo, kundi linaitikia, na hatua zinafuata mapigo ya wimbo. Mnazunguka kijiji, mnapita mbele ya nyumba ambazo watu wake ndio kwanza wanaamka, mnarudi uwanjani mkihema. Kisha mstarini, ukaguzi wa kucha na meno, wimbo wa taifa, darasani. Vita ya Kagera ilipozuka mwaka 1978, nyimbo zikamgeukia Idi Amin wa Uganda, na watoto wa darasa la pili walimkimbilia kila asubuhi kama vile yuko nyuma ya kilima kilichofuata.

Uzuri wa mpango ule ni kwamba haukumtegemea mtoto mmoja mmoja awe na ari. Mvivu alikimbia, mnene alikimbia, na aliyekuwa na mtihani wiki ile alikimbia pia. Ni kweli kwamba fimbo ilikuwepo, na waliochelewa walionja. Hilo halifai kurudi. Lakini wimbo ulifanya kazi kubwa kuliko fimbo, maana anayeimba na wenzake husahau kwamba amechoka.

Wakimbiaji wakubwa wa enzi hizo nao walikuwa watu wenye ajira. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa mwanajeshi. Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, naye alikuwa mwanajeshi. Jeshini kukimbia kulikuwa ndani ya kazi.

Mkoa wa Morogoro ulikuwa na njia nyingine, ya viwandani na kwenye reli. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania, timu ya kwanza kuutoa ubingwa huo Dar es Salaam. Reli ya Morogoro ilikuwa timu ya wafanyakazi wa reli. Na ukishika barabara ya Magole hadi Turiani unafika Mtibwa, ambako mwaka 1988 wafanyakazi wa kiwanda cha sukari walianzisha timu yao. Ilianzia madaraja ya chini kabisa, na mwaka 1999 na 2000 Mtibwa Sugar ikawa bingwa wa nchi mara mbili mfululizo. Vigogo wa Kariakoo, Simba na Yanga, walifungwa na timu iliyozaliwa katikati ya mashamba ya miwa.

Desturi hii ilipungua taratibu. JKT kwa wahitimu ilisitishwa mwaka 1994, ikarejea 2013. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa muda kabla ya kurudishwa. Katika shule nyingi saa ya mchakamchaka imechukuliwa na vipindi vya ziada na majaribio. Mzazi anafurahi kuona mwanawe yuko darasani saa 12 asubuhi, na haoni kilichoondolewa.

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi, kwa hofu ya kisukari, shinikizo la damu na magonjwa mengine yasiyoambukiza. Watumishi wa umma wana mashindano ya SHIMIWI, ambako makatibu na madereva wa wizara huvuta kamba kwa hasira nzuri kabisa. Ni mambo mema, ila hayatoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki kwa mtu mzima, na dakika 60 kila siku kwa mtoto wa miaka 5 hadi 17. Jumamosi moja kwa mwezi haifiki hapo. Kwingine mazoezi yamewekwa ndani ya siku ya kazi: Japani ilianza kutangaza mazoezi ya viungo redioni mwaka 1928, na wafanyakazi wengi wa huko huyafanya pamoja kabla ya kuanza kazi.

Kwa hiyo ombi hili liende kwa kamati za shule za Dumila na Magole, na kwa viongozi wa soko na wa vijiwe vya bodaboda. Shule zirudishe mchakamchaka kabla ya kengele, bila fimbo, mbali na barabara kuu yenye malori. Kijiwe nacho kichague asubuhi tatu za wiki, kikimbie pamoja nusu saa kabla ya abiria wa kwanza.