Injini ya 454 na petroli isiyokuwepo tena

Leo tuiache tarakilishi kidogo tuingie gereji, ingawa najua nitaishia kuzungumza programu tu. Ndiyo kazi yangu, mtanivumilia.

Kule Marekani kuna watu ambao starehe yao ni kununua pikapu kuukuu ya Chevrolet, kuishusha injini, kuifungua mpaka nati ya mwisho, kisha kuijenga upya. Inayopendwa sana ni ile V8 ya bloki kubwa. Ukisoma habari zao utadhani kazi ni kurudisha injini ilivyokuwa. Mimi nasema haiwezekani, na sababu yake iko kwenye historia.

Familia hii, iliyoitwa Mark IV, ilitoka mwaka 1965 ikiwa na ujazo wa inchi 396, yaani lita 6.5. Mwaka 1966 ikaja 427, na 1970 ikaja 454, lita 7.4. Pikapu zilianza kupewa 454 katika modeli za 1973. Oktoba ya mwaka huohuo nchi za Kiarabu zikaifungia Marekani mafuta! Hata hivyo injini haikufa, kwa sababu mkulima anayevuta trela la ng'ombe haangalii mafuta tu, anaangalia nguvu.

Kutoka 427 kwenda 454 wahandisi hawakupanua silinda. Kipenyo kilibaki inchi 4.25, ila mwendo wa pistoni ukarefushwa kutoka inchi 3.76 hadi 4.00. Krankshafti ikahitaji uzito zaidi wa kuisawazisha kuliko uliopatikana ndani, basi sehemu ya uzito ikawekwa nje, kwenye puli ya mbele na kwenye flaiwili. Sisi wa programu tunaijua tabia hii: thamani muhimu inatolewa ndani ya msimbo na kufichwa katika faili nyingine. Fundi akifunga flaiwili ya 427 kwenye 454, bolti zote zinaingia vizuri. Hakuna ujumbe wa kosa. Injini inawaka, inatetemeka, na pole pole inakula beringi zake.

Lakini hilo ni dogo. Mkasa mkubwa ni wa petroli.

Desemba 1921, katika maabara ya General Motors mjini Dayton, Ohio, Thomas Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo cha risasi kwenye petroli kinazuia injini kugonga. Injini zikaweza kubana hewa zaidi na kutoa nguvu zaidi. Kulikuwa na faida nyingine ambayo haikutangazwa sana: risasi ilitandaza utando juu ya viti vya vali na kuvilinda. Kwa hiyo viti vilichongwa kwenye chuma kilekile cha silinda hedi, bila ugumu wa ziada. Injini ikawa imeandikwa kwa kutegemea maktaba ambayo siku moja ingeondolewa.

Na aliyeanza kuiondoa ni General Motors wenyewe. Mwaka 1970 rais wa kampuni, Ed Cole, alisukuma petroli isiyo na risasi, na modeli za 1971 zikapunguziwa mbano ili ziweze kuitumia. Msidhani ni huruma. Sheria za hewa safi zilikuwa zinakaza, vichujio vya moshi vingefungwa kwenye magari ya 1975, na risasi inaviua vichujio hivyo. Kwamba risasi hiyohiyo huharibu ubongo wa watoto ni jambo lililojulikana na kupiganiwa kwa miaka mingi. Marekani iliipiga marufuku kabisa kwenye magari ya barabarani mwaka 1996. Kusini mwa Sahara tuliacha kuiuza kufikia Januari 2006, kwa kampeni iliyoongozwa na UNEP kutoka hapa Gigiri, Nairobi. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, Julai 2021.

Sasa chukua pikapu ya 1968 yenye 396. Ukiirudisha kama ilivyotoka kiwandani, kila safari ndefu vali za moshi zinadidimia kwenye viti vyake. Injini za baadaye zilikuwa na viti vilivyoimarishwa kwa joto, ila ni tabaka jembamba, na kusagwa mara mbili tatu kunalimaliza. Dawa ni kuchimba na kupachika viti vya chuma kigumu.

Ukimaliza hapo, oili nayo imebadilika. Kemshafti ya zamani husukuma tapeti bapa, chuma juu ya chuma, na kinachozitenganisha ni kiungo cha zinki na fosforasi kilicho ndani ya oili. Fosforasi nayo inadhuru vichujio vya moshi, kwa hiyo ikapunguzwa. Kiwango cha API SM cha mwaka 2004 kiliishusha mpaka asilimia 0.08 katika oili nyepesi. Kemshafti mpya ya aina hii inatakiwa ikimbizwe mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 au 30, mara tu injini inapowaka kwa mara ya kwanza. Kwa oili isiyofaa, nundu zinaweza kusagika katika dakika hizohizo, na unga wa chuma ukasambaa injini nzima. Pesa na miezi ya kazi vimekwenda kabla gari halijatoka gereji.

Chevrolet waliipa 454 tapeti zenye roli katika modeli za 1996, miaka minne kabla ya kuitoa kwenye pikapu. Wapo mafundi wanaozikataa roli kwenye injini ya 1973 kwa sababu si za asili. Wanatafuta oili ya mbio yenye zinki nyingi na kuomba Mungu. Mimi ningeweka roli.