Mwinuko wa Ufipa na Dawa ya Mulago

Mkazi wa Chanji, juu ya uwanda wa Ufipa, huenda hajui kwamba nyanda baridi kama zake ziliwahi kuwa ushahidi wa kitabibu. Mwaka 1961 daktari mpasuaji Denis Burkitt alitoka Kampala kwa gari hadi Johannesburg, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kuhusu saratani ya taya za watoto. Akabaini kuwa hufuata mabonde yenye joto na mvua, na huadimika milimani. Kisu kilikuwa kikiharibu sura za watoto bila kuwaponya. Dawa ziliyeyusha uvimbe, mara nyingine kwa dozi chache tu.

Lakini nani alilipa? Mwaka 1967 fedha za Marekani zilianzisha kituo cha tiba Mulago, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani walipoondoka enzi za Amin, Charles Olweny, Mganda, akakiongoza kwa uhaba mkubwa. Watumishi wa hazina wanaonisoma wanaijua hali hiyo.

Kutoka Chanji hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,000, na dawa zenyewe bado humtapisha mtoto na kumnyonyoa nywele. Katika bajeti yetu, utafiti wa tiba iliyo pole kuliko hiyo umo fungu lipi?