Malanga: jina lililovuka bahari bila karatasi

Wasomi wenzangu, leo naandika juu ya mateke. Najua wengine watacheka: historia na mateke, wapi na wapi? Ngojeni kidogo.

Mwenye amesoma agronomia au biologia anajua kwamba mateke ni ya familia ya Aracées, yaani familia ya arum. Ni familia kubwa, iko na aina zaidi ya 3,000, na nyingi zinaota katika inchi za joto kama yetu. Utaitambua kwa maua yake: kijiti kimoja kimesimama katikati, na jani moja limekizunguka kama mama anayefunika mtoto na kitenge. Lile ua jeupe la arum ambalo watu wanapeleka kwenye ndoa liko vilevile, na asili yake ni kusini mwa Afrika. Alama nyingine unaijua mdomoni: teke lisilopikwa vizuri linawasha koo. Ni fuwele ndogo sana, kama sindano, ndizo zinachoma.

Sasa, nani aliita familia hii hivyo? Jina la kisayansi linahesabiwa toka kwa Antoine Laurent de Jussieu, aliyetoa kitabu chake Paris mwaka 1789. Arum yenyewe ni mmea mdogo wa porini kule Ulaya, ambao Wagiriki wa zamani waliuita aron. Donc, familia ambayo nguvu yake iko katika misitu ya joto inabeba jina la mmea wa vichaka vya baridi. Mbele yake Linnaeus, mwaka 1753, alikuwa ameweka hata teke letu chini ya jina Arum. Ni Schott, mtaalamu wa Vienna, aliyelitenga mwaka 1832 na kuliita Colocasia.

Sina ugomvi na hayo majina. Sayansi inahitaji jina moja ambalo mtu wa Tokyo na mtu wa Kisangani wataelewana. Lakini jina la kisayansi linatupa historia ya wale walioandika. Historia ya wale waliolima tutaipata wapi?

Mimi naona iko ndani ya majina ya kawaida, yale ya mama za soko. Watanzania wanasema magimbi, Wakenya nduma, Wanyarwanda na Warundi amateke. Magharibi mwa inchi yetu wanasema langa, na yakiwa mengi, malanga. Hapo ndipo nataka tusimame.

Ukienda leo Cuba, sokoni utakuta kiazi kinaitwa malanga. Wanakipika na kukiponda, wanakilisha watoto wadogo na wagonjwa, juu kinashuka vizuri tumboni. Neno hilo si la Kihispania. Wataalamu wa lugha wanalirudisha kwa Kikongo, na sisi wenye kusema lugha za Kibantu tunaweza kuona sababu bila miwani: ile ma- ya mwanzo ni ma- ya wingi, ndugu ya ma- ya magimbi, mateke, mayai. Wacuba hawakujua kwamba neno liko tayari katika wingi, wakaongeza s yao: malangas. Wingi juu ya wingi!

Lilifikaje kule? Tunajua njia. Katika karibu watu milioni 12.5 waliopakiwa kwenye meli za utumwa za Atlantiki, zaidi ya milioni 5 walitoka upande wetu: Loango, Cabinda, mdomo wa mto Kongo, Luanda. Wengi walipelekwa Brazil, wengine Cuba, ambako meli ziliendelea kufika mpaka miaka ya 1860, na utumwa wenyewe ukaisha mwaka 1886 tu. Huko walikuta kiazi cha Amerika, Xanthosoma, chenye majani yanayofanana sana na ya teke la nyumbani. Wenyeji Wataino walikuwa na jina lao, yautía, ambalo linasemwa mpaka leo Puerto Rico. Lakini Cuba, jina la watu wetu ndilo lilishika.

Na kile kiazi nacho kilivuka bahari kuja huku. Mwaka 1843, Wakristo weusi kutoka Jamaika walifika Ghana pamoja na wamisionari wa Basel, wakaleta miche yake. Leo kinalimwa sehemu nyingi za Afrika, hata kwetu. Jina lilienda, mmea ukaja.

Fikirieni kidogo. Mtu aliyefungwa minyororo pale Cabinda alinyang'anywa kila kitu. Akifika ng'ambo alibatizwa jina lingine, José au María, na lile alilopewa na mama yake mara nyingi halikuandikwa popote. Hakuna karani wa meli aliyejali yeye anaita chakula chake namna gani. Lakini alipopata kipande cha udongo cha kulima, aliita mmea kwa lugha yake, na wajukuu wa mabwana wake wanalitamka jina hilo mpaka leo mezani. Hiyo ni arshivi. Haina muhuri, lakini inasomeka.

Ndiyo maana naumia nikifungua TFC na memwari zetu: mmea unatajwa kwa Kilatini na kwa Kifaransa, basi. Jina la Kinande, la Mashi, la Kirega, la Kiluba, linaachwa kama vile ni kosa la tahajia. Wazee wanaojua hayo majina wanaondoka kila mwaka, na vita imehamisha vijiji vizima mbali na mashamba yao. Kuongeza mstari mmoja katika jedwali hakuna gharama. Mwandike jina, lugha, na kijiji mlikolisikia.

Tuanze hapa hapa. Andikeni chini namna gani kwenu mnaita mateke, umoja na wingi.