Insha ya Kiingereza, ufafanuzi wa Kiswahili

Agizo la insha mara nyingi huwa neno moja: "Discuss", yaani jadili. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha Meru, Chuka au Embu, neno hilo laweza kumnyima usingizi. Ajadili nini, tena na nani? Badala ya kuuliza darasani achekwe, huchukua simu na kuandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jameni, hapa tunatakiwa kufanya nini haswa?" Majibu humiminika. Mmoja humwambia, "Si kusimulia tu. Weka pande mbili kwenye mizani, halafu useme unaegemea wapi na kwa nini." Mwingine hutuma ujumbe wa sauti kwa Kimeru. Insha itaandikwa kwa Kiingereza, lakini imeeleweka kwa lugha nyingine.

Wapo wenzangu wanaolalamika kwamba simu imeharibu uandishi wa kitaaluma. Nawaomba tuitazame historia kwanza.

Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kiswahili kilifundishwa, ila katika shule ya msingi hakikutahiniwa, na kisichotahiniwa nani hukitilia maanani? Tukawa na lugha ya ubaoni na lugha ya kuelewa. Sisi tuliosoma chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1980 twakumbuka: mhadhara ulitolewa kwa Kiingereza, lakini hoja ilituingia jioni bwenini, kwa Kiswahili au lugha ya mama. Mazungumzo hayo hayakuandikwa popote.

Ikaja Tume ya Mackay ya 1981, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Kuanzia hapo, anayeingia chuo kikuu huwa ameandika insha za Kiswahili kwa miaka mingi. Katiba ya 2010 ikakitambua kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Navyo vyuo vikuu vikasogea karibu na mashamba ya chai, kahawa na miraa: Chuka na Meru vilipata hati mwaka wa 2013, Embu 2016. Korona ilipofunga vyuo Machi 2020, kundi la simu likawa ndilo darasa kwa wengi.

Kwa hivyo WhatsApp haikuzua desturi mpya. Iliyapa maandishi mazungumzo ya bwenini.

Sisemi kwamba kila kitu ni shwari. Insha moja ikitumwa kwenye kundi usiku, asubuhi mwalimu hupokea ishirini zinazofanana kama mapacha. Asiye na bando hubaki gizani. Na pasipo anayejua, kipofu humwongoza kipofu. Lakini kasoro hizi hazitatuliwi kwa kupiga simu marufuku. Zinapungua mwalimu anapoyatambua mazungumzo hayo na kuyatumia.

Kuna njia rahisi ambayo nimeijaribu. Kabla ya mwanafunzi kuandika aya hata moja ya Kiingereza, namwomba aniandikie hoja yake kwa Kiswahili katika sentensi tatu: anadai nini, ana ithibati gani, na anayempinga angesema nini. Anaweza kunitumia kwa simu. Akishindwa hapo, najua tatizo ni fikra, na tunarudi vitabuni. Akifaulu, halafu insha ya Kiingereza ikamtoka vibaya, najua tatizo ni lugha, nalo lina dawa yake: sarufi, msamiati na mazoezi.

Kabla ya hapo sikuwa na namna ya kutofautisha haya mawili. Naungama kwamba kwa miaka mingi nilisahihisha insha zilizokwama kwenye Kiingereza na kuandika pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba mwandishi hana hoja. Baadhi yao, nina hakika, walikuwa nayo. Walikuwa wameieleza jana yake kwa ufasaha, bwenini, mahali ambapo mimi sikuwepo kuisikia.