Kasumba ya Mwilini: Historia ya Endofini na Tezi ya Samaki

Tangu zamani za kale kasumba ilijulikana kuwa ni utomvu wa mmea. Watu waliukinga kutoka katika tunda la mpopi, wakautumia kuleta usingizi na kutuliza maumivu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenga ndani yake mofini, iliyo asili ya nguvu hiyo. Lakini kwa nini mwili wa mnyama uwe na mahali pa kuipokea dawa ya mmea? Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani na Sweden walithibitisha kuwa ubongoni mna vipokezi vya mofini. Basi kufuli halitiwi mlangoni kwa ajili ya ufunguo wa mgeni. Ilipasa mwili uwe na ufunguo wake wenyewe.

Ufunguo huo ulipatikana mwaka 1975 mjini Aberdeen, Uskoti. John Hughes na Hans Kosterlitz walitoa katika bongo za nguruwe peptidi mbili fupi, kila moja yenye asidi amino tano, wakaziita enkefalini. Ikaonekana kuwa mpangilio wa mojawapo umo ndani ya peptidi kubwa zaidi, beta-lipotropini, ambayo Choh Hao Li, mzaliwa wa China aliyefanya kazi California, alikuwa ameivumbua katika tezi pituitari za kondoo. Tezi hiyo ni ndogo, nayo imening'inia chini ya ubongo. Li alikuwa amekwisha kuchunguza tezi za ngamia kutoka Iraq, akitafuta lipotropini. Badala yake alikuta kipande chake chenye asidi amino 31. Mwaka 1976 yeye na David Chung walitangaza kuwa kipande hicho kina nguvu kama ya mofini. Ndiyo beta-endofini.

Kutoka kwa ngamia uchunguzi ukaenda kwa samaki. Mwaka 1979 Hiroshi Kawauchi na wenzake wa Japani waliitenga endofini katika tezi pituitari za samoni, na mwaka 1980 wakaonyesha kuwa samaki huyo anazo endofini za aina mbili. Jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa. Ukoo wa samoni na ukoo wa binadamu ulitengana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, wakati ambapo duniani hapakuwa na mmea wowote wa maua. Kwa hiyo mpopi haukumletea mnyama kitu kipya; ulikuja kuiga kilichokuwamo.

Je, kuwapo kwa dawa hii kunathibitisha kwamba samaki huona uchungu? Hapa haifai kuharakisha. Endofini hukatwa kutoka katika protini moja ya asili, na protini hiyohiyo huzaa pia homoni ya kuukabili mwili na taharuki, na nyingine ambayo kwa samaki hubadili rangi ya ngozi. Tena, baadhi ya endofini za samaki hufungwa ncha ya mwanzo kwa kipande cha asetili, na kifungo hicho huiondolea nguvu ya mofini. Tezi hutengeneza ufunguo, kisha huutia kizibo.

Ushahidi wa uchungu ulitafutwa kwa njia nyingine. Mwaka 2002 James Rose wa Marekani alidai kwamba samaki hawawezi kuuhisi, kwa kuwa hawana gamba la ubongo kama la binadamu. Mwaka 2003 Lynne Sneddon, aliyefanya kazi Uskoti, alieleza jinsi samaki aina ya trauti, waliodungwa asidi midomoni, walivyoisugua midomo yao kwenye changarawe. Walipopewa mofini, vitendo hivyo vilipungua. Ubishi haukuisha kwa hilo, ila mzigo wa kuthibitisha ulianza kuwaelemea waliokana.

Ndivyo historia hii inavyofunza kutenga maswali mawili. Tezi ya samoni ilijibu lile la ukale wa endofini. Lile la uchungu lilihitaji kumtazama samaki mwenyewe, angali hai.